Sura ya Sita: Majivu Yashuke, Yasipande

Anayenunua makala Kindu, awe upande wa Alunguli au ng'ambo ya mto Lualaba kwenye Kasuku na Mikelenge, hutazama mdomo wa gunia. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hapo juu amepanga vipande virefu vinavyong'aa, vimeshikwa kwa majani na kamba, na bei hubishaniwa kwa kuvitazama hivyo tu. Kitako cha gunia hakiulizwi. Huko chini ndiko ulikojikusanya unga wa makala, magome yaliyoungua nusu na udongo wa tanuri, na ndiko linakoanzia vumbi litakalogombaniwa nyumbani mpaka gunia liishe. Kwa hiyo sura ya majivu inabidi ianzie sokoni. Sehemu kubwa ya majivu yanayomchosha mama jikoni haikuzaliwa na moto wake.

Makala, ndivyo makaa ya miti yanavyoitwa huku Kongo ya mashariki na ndivyo nitakavyoyaita, hayaungui yote yakaisha. Mti ulikunywa madini ya ardhini ulipokuwa hai: kalisi, potasi, magnesi na kidogo cha fosfori. Madini hayo hayana pa kwenda. Kaboni ikishaungua, hubaki yenyewe, meupe au ya kijivu, mepesi mno. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya uchomaji wa makaa, linakadiria kwamba vipande vizuri vina majivu ya asilimia 3 hivi. Kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka nusu ya asilimia moja au kupita 5, kutegemea aina ya mti, wingi wa magome, na udongo ulioingia. Unga unaochekechwa kutoka kwenye vipande huweza kuwa na majivu mengi zaidi ya hapo. Ukipiga hesabu ya gunia la kilo 30, makala ya asilimia 3 yatakuachia gramu 900 za majivu. Ya asilimia 8 yatakuachia kilo 2 na gramu 400, na sehemu yake ni mchanga tu ulioulipia kwa bei ya moto. Moto huzaa jivu, walisema wahenga, ingawa wao walikuwa wanawasema watoto wa watu na si mbabula, jiko letu la makala.

Mchanga huo unaingiaje? Wachomaji wengi hutumia tanuri la udongo. Miti hupangwa, hufunikwa majani mabichi, kisha udongo juu yake, na moto huachwa utambae ndani polepole kwa siku kadhaa. Tanuri likipasuka mahali, mchomaji hukimbia na koleo kuziba. Siku ya kulifungua, kile kifuniko chote cha udongo huanguka juu ya makala. Anayechagua kwa mkono hutoa makala safi, anayekokota kwa reki hutoa makala na shamba lake. Baada ya hapo kuna safari ya baiskeli kwenye njia mbovu, au ya pirogi, na kila mtikisiko husaga vipande na kuteremsha unga chini.

Gunia likifika nyumbani, limiminwe nje, mbali na mlango na mbali na nguo zilizoanikwa, asubuhi kabla upepo haujaamka. Vipande vigonganishwe viwili viwili, viangushe vumbi lake hapo hapo. Kilichobaki kipite kwenye wavu wowote wenye matundu madogo. Kazi hii haichukui muda, na bado ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeona faida yake siku hiyo. Unga usitupwe. Ukikandwa na uji wa wanga wa muhogo, ukaviringwa mabonge na kuanikwa mpaka ukauke kabisa, unawaka. Mimi sishabikii sana mabonge haya kwa chakula cha haraka, maana yana majivu mengi na hujifunika nayo upesi. Kwa maharage yanayotaka moto mdogo wa saa mbili tatu, hapo sawa.

Sasa tuje kwenye mbabula yenyewe. Ile ya kawaida Kindu hutengenezwa na mafundi wa bati kwa vyuma chakavu: pipa lililopasuliwa, kipande cha gari, wakati mwingine ringi nzima ya gurudumu iliyowekwa miguu mitatu. Juu kuna bakuli la makala lenye matundu kwenye sakafu yake, chini kuna nafasi ya hewa. Umbo hili ni la akili kuliko linavyoonekana. Hewa inaingia chini, inapanda kupitia matundu, inalisha moto, na majivu yanashuka kupitia matundu yale yale. Njia ni moja na wasafiri ni wawili, mmoja anapanda na mwingine anashuka. Shida nzima ya vumbi inaanza pale msafiri wa kushuka anapozuiwa, au anapolazimishwa kupanda.

Anazuiwa matundu yanapoziba. Moto hufifia, makala huvaa koti jeupe, na koti hilo huzuia joto lisifike kwenye sufuria. Mpishi huona moto umelegea, hushika kipande cha katoni au kifuniko cha sufuria, hupepea kwa nguvu kutoka juu. Moto unaamka, ni kweli. Lakini kilichouamsha ni kwamba koti limepeperushwa, na sasa liko hewani, liko kwenye sombe, liko kwenye kope za mtoto aliyekaa mkabala. Ndipo husikika kelele ambayo kila uwanja unaijua: «Acha kupepea vile, unatia majivu mu chakula!» Mtoto huacha, moto hufifia, mama mwenyewe huchukua katoni na kupepea.

Tuseme mambo yanavyokwenda hewani. Vumbi hupimwa kwa maikromita, na unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Punje ya jivu yenye ukubwa wa unywele huanguka chini mara moja, na ndiyo hiyo unayoikuta juu ya mchuzi. Punje ya maikromita 10, katika hewa iliyotulia, hushuka chini ya sentimita moja kwa sekunde, kwa hiyo ikirushwa kimo cha pua ya mtu mzima itaelea dakika kadhaa kabla haijatua. Ya maikromita moja huelea kwa saa kadhaa. Anayepepea kwa nguvu, akafagia baadaye, kisha akasema jikoni kumetakata, amefagia zile kubwa tu. Ndogo bado ziko safarini, na hizo ndizo zinazofika ndani ya mapafu.

Dawa yake ni kuyafanya majivu yashuke. Mbabula iguswe kidogo, igongwe ubavuni mara mbili kwa kijiti, sufuria ikiwa imeondolewa au imefunikwa. Koti litadondoka lenyewe kupitia matundu. Matundu yakiwa yameziba, yazibuliwe kutoka chini kwa spoku ya baiskeli, kitu ambacho Kindu hakikosekani, badala ya kuchokoa kutoka juu na kuvuruga kila kitu. Kupepea kukihitajika, upepo upelekwe kwenye mlango wa chini, taratibu, na siyo usoni pa moto. Jiko lenyewe ligeuzwe mlango wake utazame upepo unakotoka, na mpishi akae upande huo huo. Akifanya hivyo mara nyingi hatahitaji katoni kabisa, na moshi na vumbi vitamkimbia badala ya kumfuata.

Ujuzi huu ulishapita Kindu zamani kwa sura kubwa zaidi. Mji huu uliwahi kuitwa Port-Empain, kwa jina la baron Édouard Empain wa Ubelgiji, ambaye kampuni yake ya reli ya CFL iliundwa mwaka 1902. Kufikia 1911 reli kati ya hapa na Kongolo ilikuwa imekamilika, na hapa abiria na mizigo walihamia kwenye meli za kuteremka Lualaba. Mvuke ulitoka kwenye kuni, na injini ya mvuke hutoa majivu kwa mafungu. Chini ya wavu wa moto wa kila injini ya mvuke ya reli kuna kisanduku kipana cha kupokea majivu, chenye vilango. Mtu wa moto hufungua kilango kupata hewa zaidi, hukifunga kidogo kupunguza, na majivu hayagusi mkono wake mpaka injini isimame juu ya shimo, ambako huvutwa chini na kulowekwa maji. Hakuna anayepepea injini kwa katoni. Makaa ya mawe nayo hayako mbali, kwa maana kuna tabaka zake bonde la Lukuga karibu na Kalemie na nyingine Luena huko Katanga, ila hayakuingia kwenye majiko ya nyumba za Kindu. Wazungu waliokuwa wakipasha nyumba zao kwa makaa hayo kule kwao walijifunza somo lile lile. Mlango wa jiko ufungwe kabla ya kutikisa wavu, ili bomba livute vumbi nje, na ndipo droo ya majivu itolewe polepole.

Mbabula haina bomba. Lakini droo inaweza kuwa nayo. Jiko la Kenya lenye kiuno chembamba na bakuli la udongo ndani, lililosambaa Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuigwa sehemu yake kutoka ndoo ya moto ya Thailand, linasifiwa kwa kula makaa kidogo. Mimi ningelisifu vilevile kwa chumba chake cha chini chenye mlango mdogo, ambamo majivu hukaa kimya mpaka yaitwe. Fundi wa bati wa Kindu akiombwa anaweza kuweka sahani ya bati chini ya mbabula yake, ya kuingia na kutoka. Ni kipande kimoja cha bati na mikunjo minne. Waombaji ndio hawapo.

Wali ndio unaofichua jiko lenye vumbi. Maniema, mkoa wetu huu, ni nchi ya mpunga tangu karne ya 19, ulipoletwa na watu wa pwani walioweka makao Kasongo na Nyangwe, enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip. Pamoja nao ipo namna ya pwani ya kuukausha wali kwa kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili joto litoke pande zote mbili. Chakula hutoka kizuri, lakini kifuniko chenye makaa ni sahani ya majivu iliyowekwa juu ya chakula. Anayepalia atumie kifuniko chenye ukingo uliosimama, aweke vipande vilivyoshika moto vizuri na kukung'utwa, na asiongeze kipya juu yake, maana makala mapya hupasuka na kurusha cheche. Wakati wa kufunua, makaa yarudi kwanza kwenye mbabula kwa koleo, kipande kimoja kimoja. Kisha kifuniko kisukumwe pembeni kikiwa kimelala, kiende mpaka kipite ukingo wa sufuria, ndipo kiinuliwe. Wanaokiinua wima katikati ndio wanaokula wali wenye pilipili manga ambayo hawakuinunua.

Nguo nyeupe ndizo shahidi wa pili. Umeme wa kubahatisha umeifanya pasi ya makala isistaafu, na sare ya shule huonyesha kila doa. Pasi ipakiwe nje, itikiswe mara chache mbele na nyuma juu ya ardhi mpaka matundu yaache kutema, ifutwe tako lake kwa kitambaa kikavu, ndiyo iingie ndani. Kuipuliza kwa mdomo juu ya meza yenye shati ni kutafuta ugomvi.

Kuyaondoa majivu ni kazi yenye saa yake, na watu wengi huifanya nyakati mbili zisizofaa: usiku mara baada ya kupika, yangali ya moto, au asubuhi kwa haraka wakati chai inasubiriwa. Majivu hushika joto kuliko yanavyoonyesha. Wazee walifukia kinga cha moto majivuni usiku na kukikuta hai alfajiri, kwa sababu majivu hayapitishi joto wala hewa kwa wepesi. Kaa lililofichwa humo linaweza kukaa hai siku kadhaa. Yakitupwa nyuma ya nyumba iliyoezekwa nyasi, hasa kati ya Juni na Agosti mvua inapopungua, nyumba inaweza kuwaka wakati wenyewe wako sokoni na hakuna aliyewasha moto. Nimeona watu wakimlaumu jirani, au uchawi, kwa moto wa namna hiyo.

Utaratibu mzuri ni huu. Makala yaliyobaki hai yahamishiwe kwenye sufuria kuukuu yenye kifuniko kinachobana. Yatajifia kwa kukosa hewa na yatatumika kesho, nayo huwaka upesi kuliko mapya. Mbabula iachwe ipoe usiku kucha mahali pakavu. Asubuhi ndipo sahani ya majivu, au mbabula nzima, iinamishwe chini kabisa ndani ya debe la bati, mdomo wa jiko ukiwa umeingia ndani ya debe, na majivu yateremke badala ya kuangushwa. Kimo ndicho kinacholeta vumbi: mwanguko wa mkono mmoja tu unatosha kufanya wingu. Debe lifunikwe na kuachwa dakika chache kabla ya kusogezwa. Ndoo ya plastiki haifai, na sababu yake anaijua kila aliyewahi kujaribu.

Maji yanyunyizwe kwa vidole juu ya majivu baridi, mpaka yashikane kidogo. Kumwaga kopo la maji kwenye mbabula ya moto ni kosa la mara tatu. Mvuke unaolipuka hurusha majivu juu kuliko upepo wowote, bakuli la udongo kama lipo hupasuka, na matope yanayobaki hula bati. Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Potasi iliyomo majivuni huvuta unyevu wa hewa, na Kindu, karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, unyevu hauombwi. Mbabula inayolala na majivu yake mwezi mzima wa mvua huoza sakafu kutoka ndani. Anayelalamika kwamba bati la siku hizi halidumu achungulie kwanza alichokilaza humo.

Sakafu ya jikoni inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, ufagio uburutwe na usirushwe. Rafu na meza zifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikavu kinahamisha vumbi tu, kinalitoa mezani na kuliweka kwenye kikombe.

Mvua ikipiga, jiko huingizwa ndani, na hapo vumbi linakuwa jambo dogo. Mbabula iliyoziba majivu, inayowaka kwa kukosa hewa, hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi wala moshi wa kumtahadharisha mtu. Makala hudanganya hasa kwa sababu hayana moshi kama kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba iliua watu milioni 3.2, na moto wa kupikia ndio chanzo kikuu. Jikoni kuwe na mlango wazi na tundu juu, karibu na paa. Chumba cha kulala kisiingizwe mbabula kwa sababu yoyote, hata ikiwa imebaki na makaa mekundu machache ya kumpasha mzazi na kichanga. Hapa sina namna ya kulainisha maneno.

Debe limejaa. Yaende wapi? Bustani inayapokea vizuri, kwa sababu udongo wa Maniema, uliooshwa na mvua nyingi, una tindikali, na majivu huipunguza. Konzi chache zitawanywe kwenye tuta na kuchanganywa na udongo siku isiyo na upepo. Yasirundikwe shinani, wala yasichanganywe na samadi mbichi, maana huifukuza naitrojeni iliyomo. Maharage ya kuweka akiba huhifadhiwa vizuri katika majivu makavu, baridi, yaliyochekechwa. Yanajaza nafasi kati ya punje na fukusi hapati pa kupita, lakini yanatakiwa mengi, siyo ya kunyunyiza tu. Watu wa misitu ya Kongo walichuja majivu ya mimea ya majini kupata chumvi, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kloridi ya potasi, zamani kabla ya chumvi ya dukani kufika.

Kusugulia sufuria kuna mipaka yake. Masizi yatatoka, na chuma hakidhuriki. Lakini sufuria nyingi za hapa ni za aluminiamu iliyosubuliwa na mafundi wa mtaani, na maji ya majivu ni makali kwa aluminiamu. Ule mng'aro unaofurahisha ni sufuria yenyewe inayopungua. Isuguliwe nje tu, upesi, isuuzwe mara moja.

Na kuna nyumba ambazo moto huwashwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki au mpira wa tairi, kwa sababu hushika upesi na ni vya bure. Majivu ya siku hiyo yasiguse bustani, maharage wala sufuria. Yamwagwe katika shimo la choo.